Mchezo Aliokataa Kuumaliza Nibia

Nibia Etchegoyen alitumia nusu ya umri wake kuwatangazia watu wa mji wa Paysandú kwamba basi lao linaondoka. Alikaa ndani ya kibanda cha kioo pale stendi, kipaza sauti mbele ya mdomo, na sauti yake ilikuwa na tabia ya kumfanya mtu ajione amechelewa hata kama hana safari. Walikuwepo waliokimbia na mabegi kulidandia basi la Salto, kumbe wamekuja kumpokea shemeji. Alipostaafu, stendi iliweka sauti ya mashine, ya msichana mpole asiye na haraka, na tangu hapo watu wanaachwa na mabasi kila siku ya Mungu. Nibia akisikia habari hizo hufurahi waziwazi wala hajifichi.

Mumewe, Heber, alikuwa fundi baiskeli, mtu wa maneno machache ambayo aliyarudia mpaka yakatosha. Kila asubuhi aliweka majani ya yerba, chai chungu ya kwetu, kwenye kibuyu kidogo, akachomeka mrija wa chuma, akamimina maji ya moto kutoka kwenye chupa, akanywa cha kwanza yeye mwenyewe kwa sababu cha kwanza ni kichungu na ndiyo kodi ya mwenye kumimina. Cha pili akampa mkewe. Nibia alikunywa, akarudisha, akajaziwa. Hapa kwetu ukirudisha kibuyu kimya unajaziwa tena, hata kutwa nzima. Ukisema asante, maana yake umetosheka, na mwenye kumimina hakuulizi mara mbili. Ndiyo maana neno hilo, ambalo kwingine ni adabu tu, hapa mtu hulitamka akiwa ameshalifikiria.

Asubuhi ya mwisho walikuwa katikati ya kunywa, Waldemar akapiga mluzi langoni. Waldemar ndiye mwenyekiti wa klabu ya tufe, mchezo wa kuviringisha matufe chini, na siku hiyo kulikuwa na mechi. Heber akainuka, akamwambia mkewe angoje, anarudi waendelee. Akaenda kuchuchumaa uwanjani na futi kamba mkononi, apime tufe la nani liko karibu zaidi na lile dogo la shabaha, na moyo ukasimama hapohapo, kipimo hakijasomwa.

Mazishini Nibia hakulia sana. Kilichowatia watu hofu ni kwamba aliacha yerba. Paysandú mjane akiacha kwenda kanisani hakuna wa kumuuliza. Akiacha yerba wanamtafutia daktari. Yeye alikunywa chai ya maziwa kama mgonjwa, na ukimkaribisha kibuyu alikataa kwa kichwa. "Bado niko kwenye cha Heber," alimwambia Elbia, jirani yake wa ukuta mmoja. "Kasema anarudi tuendelee, na mimi sijamwambia asante." Elbia, ambaye kwa kawaida ana jibu la kila kitu, akaanza kuzungumzia nyanya zake zilizoingia wadudu.

Miaka miwili ikapita hivyo, na chai ya maziwa.

Katika nyumba hiyo alikulia Romina, binti wa kaka yake Nibia. Kaka alikwenda Hispania kutafuta kazi, akaipata, na kwa mtoto akawa anatuma viatu visivyomtosha. Aliyemlea ni shangazi, na aliyemfundisha baiskeli ni Heber. Sasa Romina ni mtu mzima, na kazi yake, kama ni kazi, ni kutunga michezo ya kompyuta. Si ile ya bunduki. Yake ni mifupi, unaimaliza kabla ya sufuria kuchemka, na ndani yake hakuna anayeshinda: unatafuta miwani ya bibi yako aliyekufa, au unamwagilia mmea wa mtu aliyehama. Watu wa nchi za mbali wanaicheza, wanalia, kisha wanamwandikia kumshukuru kwa kuwaliza. Nibia alikuwa akiwaambia wenzake kwamba binti yake anauza vitunguu kwa njia ya umeme.

Mchezo mpya Romina aliutengeneza kwa siri. Ulikuwa na jiko lilelile, meza ileile, na kwenye kiti cha upande wa pili akamkalisha Heber, aliyechorwa kwa vidoto vikubwa vya mraba. Anamimina, anakunywa cha kwanza, anakupa. Chini kuna vitufe viwili tu, kimoja kimeandikwa Rudisha, kingine Asante. Ukirudisha, unajaziwa na unapata neno moja la Heber. Romina alikusudia mtu akae robo saa hivi, ayasikie maneno yote, halafu aamue mwenyewe kwamba imetosha, aage.

Aliuweka kwanza mtandaoni, na wageni hawakukaa hata dakika. Walipewa kibuyu, na kwa kuwa ni watu waliofunzwa vizuri na wazazi wao, wakabonyeza Asante. Heber akainuka, akabana chupa kwapani, akatoka, mlango ukafungwa, mchezo umekwisha. Wakabubujikwa na machozi. Maoni yao yakammiminikia Romina, kwamba hawajapata kuona huzuni iliyofupishwa kwa ustadi namna hiyo. Mtu mmoja wa Norwe aliandika kwamba alisema neno moja la heshima na mzee akamtoka, kwamba hivyo ndivyo alivyompoteza baba yake, na kwamba sasa hivi anampigia simu mama yake. Romina alisoma, asijue acheke au aombe radhi.

Akataka basi amwone mtu wa hapa akiucheza mpaka mwisho, kabla ya kuupeleka kwenye maonyesho ya Montevideo mwishoni mwa wiki. Mtu wa hapa aliyekuwa karibu ni shangazi. Akaibeba kompyuta yake ya mezani, akaiweka jikoni, akamtilia kipanya mkononi, akamwomba aseme kwa sauti kila kinachomjia kichwani, maana ndivyo michezo inavyojaribiwa.

Hilo lilikuwa kosa. Mwanamke aliyeishi kwa kutangaza mabasi humwambii aseme kwa sauti.

"Jiko langu," Nibia alitangaza, na mbwa wa Elbia akaamka. "Pazia si langu. Mimi pazia la rangi ya chungwa sijawahi kuwa nalo. Kuna mzee kaingia." Akasogeza uso karibu na kioo. "Pua umempunguza."

"Ni vidoto, Shangazi. Havikutosha."

"Vya pazia vimetosha."

Heber wa kwenye kioo akanywa cha kwanza, akakunja uso, akajaza tena, akanyoosha mkono. Chini yake yakatokea maneno: Kesho itanyesha. Hiyo ndiyo sentensi ambayo mumewe aliisema kila asubuhi ya ndoa yao, kiangazi na kipupwe, na kwa kuirudia tu alikuwa akipatia mara nyingi kuliko redio. Nibia akavuta kiti mbele. Akabonyeza Rudisha.

Maneno ya Heber yaliisha kabla ya chakula cha mchana, yakaanza upya. Kulikuwa na moja la mlimau kwamba usikatwe, moja la mnyororo wa baiskeli na mafuta yake, moja kwamba Waldemar anapima kwa upendeleo, na mengine ya aina hiyo. Romina akaeleza kwa upole kwamba yakianza kujirudia ndiyo dalili, mchezaji anaelewa kwamba muda umefika. Nibia akamtazama kwa huruma.

"Kwani mwenyewe alikuwa harudii?"

"Alikuwa anarudia. Lakini hapa unaweza kuaga sasa, Shangazi."

"Nani kakwambia nimetosheka?"

Ikafika jioni, hajatosheka. Na mchezo ule haukuwa na namna ya kuhifadhiwa pale ulipofikia, kwa sababu nani atahangaika kuhifadhi kitu cha robo saa. Ukiufunga, umeufunga. Romina akasema si tatizo, kesho unaanza upya, Heber anaketi tena palepale. Nibia akasema huyo atakuwa mwingine. Huyu ndiye aliyekaa naye tangu asubuhi. Romina alipeleka mkono mpaka kwenye waya wa umeme, akamwona yule mzee wa vidoto amenyoosha kibuyu akingoja, akaurudisha mkono mfukoni. Ndiyo ilikuwa kompyuta yake ya pekee na ndiyo iliyomlisha, lakini mzee hakatiwi umeme hivihivi.

Kesho yake Elbia akaingia na kiti chake mwenyewe. Alikuwa amesikia kila kitu kupitia ukutani. Akaambiwa ni mchezo tu, akasema anaelewa, hawezi kudanganyika mtu mzima kama yeye. Akakaa. Akasema Heber amekonda. Baada ya muda akamweleza habari za breki ya baiskeli yake, na Nibia akabonyeza Rudisha kwa niaba yake. Kesho itanyesha, Heber akasema. Elbia akatoka mbio kuanua nguo, na siku iliyofuata ikanyesha kweli, mvua ya kujaza mitaro. Kuanzia hapo wanawake wa mtaa hawakufua bila kupita kwanza kwa Nibia. Kwa kuwa ilikuwa mvua, wakakaanga maandazi bapa kama ilivyo desturi ya mvua, na moja wakamwekea Heber mbele ya kioo. Romina akaliondoa kwa sababu ya mafuta, na akaonekana mtu asiye na heshima kwa wafu.

Ili kulipitisha hilo akawasomea maoni ya wageni. Alidhani yatawagusa. Jiko lote likakasirika.

"Kimoja tu na asante?" Nibia aliuliza. "Hawa wamelelewa na nani?"

"Ni adabu yao, Shangazi. Kwao ukipewa kitu unashukuru."

"Mtu kakuandalia, kakunywia uchungu wa kwanza, wewe kimoja tu unamfukuza. Halafu unakaa unalia. Mwandikie huyo wa Norwe kwamba mzee hakumtoka. Yeye ndiye aliyemtoa."

Romina hakuandika. Aliandika kwa watu wa maonyesho, waliokuwa wakiuliza mchezo uko wapi, kwamba mchezaji wa kwanza wa hapa nyumbani bado anacheza. Wakauliza kwani mchezo una urefu gani. Akajibu kwamba inategemea na kiu.

Waldemar alikuja siku ya nne, kofia mkononi, amevaa koti la mazishi. Mjini kila mtu alijua habari ya ule uwanja. Tangu siku ile ya mechi hakuna aliyethubutu kuyagusa matufe. Yalibaki yalipokuwa, mvua na jua juu yake, na wachezaji walikuwa wakibanana kwenye uwanja wa pili wenye mteremko, ambako matufe yote huishia kwenye choo. Waldemar akaketi, akakohoa, akamwambia Heber kwamba klabu inaomba uamuzi wake. Nibia akabonyeza. Likaja neno, mbele ya mtaa mzima: Waldemar anapima kwa upendeleo.

Romina akaanza kueleza kwamba maneno yanafuatana tu kwa zamu, hayamsikilizi mtu. Waldemar hakumsikia. Alikuwa amekuwa mwekundu mpaka masikioni.

"Kweli, Heber," akasema. "Lile lako ndilo lilikuwa karibu. Niliona wakati unachuchumaa."

Mchana uleule matufe yakaokotwa, uwanja ukasawazishwa, na kikombe cha ubingwa kikaletwa na kuwekwa juu ya kompyuta. Kwa siku mbili nyumba ya Nibia ilikuwa na wageni kuliko siku za msiba. Waliingia waliomdai Heber, waliokuwa na lawama naye, waliotaka tu kukaa. Nibia mwenyewe alikuwa amenenepa uso. Alilala mchana Elbia akimshikia kipanya, akaamka akachukua zamu, na chai yake ya maziwa ilipoa mezani bila kuguswa. Alikuwa na furaha, na hakuna mtu aliyejua amwambie nini.

Ndipo gari la shirika la umeme likapita na vipaza sauti: kesho saa tatu asubuhi umeme utakatwa mtaa mzima, nguzo zinabadilishwa.

Waldemar akatumwa kuomba waahirishe. Akarudi akisema walimwuliza sababu, akawaambia kuna mzee yuko kwenye kompyuta, wakamwandika jina na kumwuliza kama anatumia mashine ya kupumulia. Alisita kujibu, na katika kusita huko wakamjua. Likaletwa jenereta la klabu, likavutwa kamba, likatoa moshi na panya, basi.

Asubuhi hiyo jiko lilijaa mapema. Watu walisimama mpaka kwenye kibaraza. Nibia aliketi mbele ya kioo na gauni lake la kazini, mkono juu ya kipanya, na Heber akawa anamimina kama vile hajatangaziwa kitu. Romina akachuchumaa pembeni ya kiti.

"Shangazi, umeme ukikatika atakatika na kibuyu mkononi."

"Kama mara ya kwanza."

"Kama mara ya kwanza. Ukibonyeza wewe, atainuka mwenyewe, atachukua chupa yake, atatoka. Nimemchorea mlango."

Nibia alitazama mlango. Ulikuwa mlango mzuri, wa kijani, wenye kitasa. Aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa kitu, kuliko hospitali, kuliko simu ya siku ile kutoka klabuni. Miaka yote hii alikuwa mwanamke aliyeambiwa angoje, na mtu anayengoja ana mume. Akisema asante hakuna wa kurudi kuendelea. Atakuwa mjane kama wajane wengine, mwenye jiko, kiti cha ziada, na siku ndefu.

"Na kama sijatosheka?" akamwuliza Romina, kwa sauti ndogo ambayo hakuna mtu stendi aliyewahi kuisikia.

"Mimi pia sijatosheka," Romina akasema. "Ndiyo maana nilimchora."

Nibia akabonyeza Rudisha mara moja zaidi. Heber akajaza, akampa, akamwambia mlimau usikatwe. Nibia akaitikia kwa kichwa, haukatwi. Kisha akakisogeza kipanya upande wa pili, macho wazi, akabonyeza Asante.

Heber hakuuliza mara mbili. Akainuka, akabana chupa kwapani, akaenda kwenye mlango wa kijani. Watu wote walitaraji atageuka. Hakugeuka; Heber hakuwa mtu wa kugeuka. Mlango ukafungwa, likabaki jiko na viti viwili na lile pazia baya.

Saa ya ukutani ikafika saa tatu. Wote wakainua macho kwenye balbu. Balbu ilikuwa bado inawaka. Wakangoja. Friji ikaendelea kunguruma, redio ya nyumba ya pili ikaendelea na matangazo ya mbolea. Saa tatu ikapita vizuri, balbu inawaka tu, na ndipo gari la vipaza sauti likapita tena taratibu na kuwaarifu wananchi kwamba kazi ya nguzo imeahirishwa mpaka wiki ijayo, kwa kuhofia mvua.

Hakuna aliyethubutu kumtazama Nibia. Waldemar aliikagua kofia yake ndani na nje. Elbia alianza habari za nyanya zake, akaziacha njiani. Ukaanza kusikika mlio mdogo, wakadhani ni kompyuta, kumbe ni Nibia anacheka. Alicheka akiwa ameshika meza, akaonyesha balbu kwa kidole, akataka kusema kitu ikashindikana, na kicheko kikageuka humohumo ndani ya koo, akalia. Alilia kilio chote kilichobaki tangu mazishini, kwa sauti ile yake, na nadhani pale stendi wapo waliochukua mabegi yao. Watu wakatoka mmojammoja na viti vyao. Walimgusa bega wakipita, na wengine walikuwa wanalia kuliko yeye.

Romina peke yake alibaki. Alimwona shangazi yake akiinuka, akipangusa uso kwa kitambaa cha vyombo, akiweka birika motoni, akifungua kabati la juu na kutoa kibuyu cha Heber. Katika maisha yake yote Nibia hakuwahi kumimina. Alijaza yerba kupita kiasi, mrija akauchomeka upande, akasimama dirishani akiutazama mlimau mpaka birika likaanza kurusha kifuniko. Maji yaliyochemka yanaunguza majani, na hapa kwetu hilo ni kosa la kumfanya mtu asialikwe mahali. Hakujali, au hakujua. Akamimina, akanywa cha kwanza yeye, uso ukamkunjamana wote. Akajaza cha pili, akampa binti yake.

Kilikuwa cha moto wa kutoa ngozi ya ulimi, na kichungu kama dawa. Romina alikinywa mpaka mrija ukakoroma, machozi yakimtoka, akakirudisha kimya. Nibia akavuta kiti cha pili, kile ambacho hakikukaliwa muda mrefu, akaketi hapo, akamimina tena.